Mwami Asiye na Nchi

Unajua kwamba huku kwetu Tanganyika machifu waliondolewa madaraka kwa sheria mwaka 1963. Ukoo wa chifu upo, na mzee wake anaweza kuheshimiwa. Lakini kodi hatozi, wala haamui kesi kwa niaba ya serikali. Sasa tuwatazame jirani zetu wa Rwanda. Huko bado wapo watu wanaosema mfalme yupo.

Mfalme wa Rwanda aliitwa Mwami. Julai 1959 Mwami Mutara wa Tatu alifariki ghafla, naye hakuwa na mtoto. Siku ya mazishi ndugu yake akatangazwa kuwa Kigeli wa Tano. Novemba yakazuka mapigano kati ya Wahutu na Watutsi. Mwaka 1960 Kigeli alitoka nje ya nchi, na Wabelgiji waliokuwa wakitawala wakamzuia kurudi. Septemba 1961 wananchi walipiga kura. Karibu watu wanane katika kila kumi waliukataa ufalme.

Kigeli alikaa Tanganyika, Uganda na Kenya, kisha Marekani tangu 1992. Serikali ya Rwanda ilimwambia anaweza kurudi kama raia wa kawaida. Yeye alitaka kurudi akiwa Mwami. Basi akabaki ugenini, hana mke, hana mtoto, mpaka alipokufa Oktoba 2016.

Kumbe kifo hakikumaliza maneno! Ndugu waligombania maiti. Wengine walitaka azikwe ng'ambo, wengine azikwe nyumbani. Mahakama ya Virginia, huko Marekani, ikaamua arudishwe Rwanda. Alizikwa Nyanza tarehe 15 Januari 2017.

Siku chache kabla ya mazishi, baraza lake lililoko nje lilimtangaza Emmanuel Bushayija, mtoto wa ndugu yake aliyekuwa akiishi Uingereza. Likampa jina la Yuhi wa Sita. Wazee wengine walioko Rwanda wakapinga. Jina lenyewe linashangaza, maana majina ya Bami yalikuwa yakienda kwa zamu. Baada ya Kigeli wa Nne alikuja Mibambwe, ndipo akaja Yuhi. Safari hii Mibambwe amerukwa.

Je, Yuhi huyu anatawala nini? Baraza linaweza kumpa mtu jina, lakini haliwezi kumpa nchi. Katiba ya Rwanda inasema nchi ni jamhuri, na haina kiti cha Mwami. Hata jumba la kifalme pale Nyanza sasa ni makumbusho. Mgeni hulipa kiingilio, akaingia kutazama.