Ramani Yako na Jicho la Injinia

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei! Familia imeongezeka, chumba ni kimoja, na baba amechora chumba cha pili kwenye karatasi ya daftari. Je, aanze kuchimba msingi kesho? Ngoja kwanza. Ramani hiyo ionwe na mtu wa ujenzi.

Mjomba wangu alichora chake vizuri: mlango, dirisha, hata mahali pa kitanda. Injinia wa makazi hakuikataa ramani. Alikuja na futi, akapima kutoka ukuta mpya hadi nyumba ya jirani. Mita moja tu.

INJINIA: Mzee, moto ukishika kwa jirani, wewe utapona?

MJOMBA: Hapo sikufikiria, mwanangu.

MTANGAZAJI: Wakasogeza mstari kwenye karatasi. Kusogeza mstari ni bure. Jirani yetu mwingine alijenga kwanza, akauliza baadaye. Alibomoa ukuta uliokuwa umefika dirishani, na matofali mengi yakavunjika.

Sasa, injinia anatazama nini?

Kwanza, nafasi. Kati ya nyumba na nyumba ziwe angalau mita 2. Bora zaidi iwe mara mbili ya kimo cha nyumba.

Pili, watu. Kila mtu anahitaji kama mita za mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu jikoni. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, kwa hiyo kinatosha watu watatu.

Tatu, maji. Mnajua mvua ya hapa: kwa muda mfupi laga imejaa. Ukuta wa udongo ukilowa chini, unaanguka, na usiku watoto wamelala ndani.

Nne, paa. Upepo wetu unang'oa mabati, na mchwa hula miti. Atauliza nguzo ni za mti gani na mabati yatafungwaje.

Huhitaji kuwa msomi ili uchore. Andika urefu na upana kwa mita. Onyesha nyumba za majirani, choo, njia, na upande maji ya mvua yanakopita. Andika vifaa ulivyo navyo na idadi ya watakaolala humo. Kisha muone kiongozi wa bloku, naye akuelekeze kwa ofisi inayoshughulikia makazi. Beba hati zako.

Ukiambiwa "sawa" kwa mdomo, usianze bado. Omba iandikwe kwenye ramani yenyewe, pamoja na jina, tarehe na sahihi. Baki na nakala. Injinia akihama, karatasi inabaki.

Ukiambiwa hapana, uliza: nibadilishe nini? Mara nyingi kinachokataliwa ni kitu kimoja, si chumba chote.

Na hili lisikilizeni vizuri: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Mtu akikuomba pesa ili akupitishie ramani, usimpe. Mripoti.

Mama, baba, penseli ni yenu, kwa sababu ninyi ndio mnaojua mnavyoishi. Injinia anaongeza jicho la pili, kabla ya jembe kugusa ardhi.

Kwaherini, hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI UNAPANDA)