Padi za PlayStation kwenye Kompyuta: Usitupe Mbachao

Majuzi nilitoka Mombasa kwenda Meru kumjulia hali dada yangu, aliyeolewa Majengo huko miaka mingi sasa. Safari ni ndefu: unapita Nairobi, Thika, Embu na Chuka, ndipo ufike Meru mgongo ukiuma. Nilipofika, badala ya kupumzika, nikapokewa na kilio cha mpwa wangu.

Kijana huyu ana kibanda cha gemu. Watoto wa mtaani wanalipa mechi moja moja, na hizo shilingi ndizo zinazomsaidia mamake kulipa kodi. Siku moja umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo, PlayStation 4 yake ikaungua. Akabaki na padi nne, yaani vile vidude vya kushika mkononi vya kuchezea: mbili za PS4, na mbili za PS3 aliyokuwa nayo zamani. Pia ana kompyuta ya mtumba yenye Windows 10.

Akashuka hadi Embu kutafuta ushauri. Muuza duka mmoja akamwambia padi za PlayStation hazifanyi kazi kwenye kompyuta hata kidogo. Akajitolea kuzinunua zote nne kwa bei ya chuma chakavu, kisha amuuzie nyingine mpya. Pesa za hizo mpya zilikuwa ni kodi ya nyumba ya mwezi ule.

"Mjomba, kesho narudi Embu nimalizane naye," akaniambia.

Nikamwambia subiri. Nina stashahada ya kompyuta, si ya uganga, lakini hili nalijua: padi hizo hazijafa. Zinazungumza lugha nyingine tu.

Maana yake ni hii. Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, kampuni ya Microsoft ilikuja na utaratibu uitwao XInput, wa padi kuzungumza na gemu za Windows. Tangu hapo watengenezaji wengi wa gemu za kompyuta wameufuata. Ndiyo maana padi ya Xbox 360 yenye waya ukiichomeka, gemu inaitambua mara moja. PlayStation ni ya Sony, nayo ina lugha yake. Ukichomeka padi ya PS4, Windows inaiona, lakini gemu nyingi hazielewi inachosema. Kinachohitajika ni mkalimani, na mkalimani huyo ni programu ya bure.

Tulianza na waya. Padi ya PS4 hutumia kebo ya micro-USB, kama ya simu nyingi za zamani. Tulichomeka, taa ikawaka, lakini kompyuta kimya. Kumbe ile kebo ilikuwa ya kuchaji tu, haipitishi data. Tukaazima nyingine kwa jirani, na papo hapo kompyuta ikaitika. Kwa hivyo kabla hujailaumu padi, badilisha kebo.

Ukitaka kujua kama kompyuta inaiona padi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Padi ikitokea kwenye orodha, fungua Properties uibonyeze kitufe kimoja kimoja. Kila unachobonyeza kitawaka kwenye skrini. Hapo ndipo utajua kitufe kipi kimechoka kweli.

Mkalimani wa PS4 yuko wa aina mbili. Kwanza ni Steam, duka la gemu la kwenye kompyuta. Ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya padi, na imekuwa ikikubali padi za PS4 tangu Desemba 2016. Hata gemu usiyoinunua kwao unaweza kuiongeza ndani yake. Pili ni DS4Windows, ambayo huifanya padi ya PS4 ionekane kana kwamba ni ya Xbox 360. Chagua moja. Ukiwasha zote mbili kwa pamoja, kila ukibonyeza mara moja, gemu huenda ikasikia mara mbili.

Kama kompyuta ina Bluetooth, waya si lazima. Shikilia kitufe cha PS na cha Share pamoja mpaka taa imetemete haraka, kisha uitafute kwenye Bluetooth ya kompyuta kwa jina la Wireless Controller.

Padi ya PS3 ni kichwangumu zaidi. Kebo yake ni mini-USB, ile nene kidogo, na ukiichomeka kwenye Windows bila draiva yake haitumi chochote. Kwa Windows 10 na 11 ipo draiva ya bure iitwayo DsHidMini. Za PS2 ndizo zenye plagi ya kipekee kabisa, na lazima ununue kidude cha kugeuza plagi hiyo iwe USB.

Wanaonunua padi ya Xbox One ya mtumba wafahamu kwamba za mwanzo hazina Bluetooth. Itazame pale kwenye kitufe chenye nembo. Ikiwa plastiki inayokizunguka ni ile ile ya uso wa padi, ina Bluetooth. Ikiwa imeungana na plastiki ya vitufe vya juu vya mabegani, haina.

Basi jioni ile, baada ya swala ya Isha, padi mbili za PS4 zilikuwa zikicheza mpira kwenye kompyuta, na watoto wamejaa mlangoni. Ya tatu, ya PS3, ilitusumbua hadi kesho yake adhuhuri. Ya nne haikukubali kabisa. Tulipoifungua tukaona ni bandia, tukaachana nayo. Tatu kati ya nne, na kodi ya dada yangu ikabaki mfukoni. Alhamdulillahi.

Simlaumu sana yule wa Embu. Huenda naye hakujua. Lakini kijana wangu alikuwa karibu kuuza mali yake na kutumia kodi ya mamake kwa neno la mtu ambaye hakuijaribu padi hata moja. Mwambieni anayetaka kuwauzia kipya aichomeke kwanza ile ya zamani mbele yenu. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.