Mwani mu akwariumu hapa Kolwezi: anza na maji

Bandugu wa chama, tangu niliweka picha ya akwariumu yangu ya maji ya chumvi, swali ni moja tu: ile majani nyuma ya samaki ni nini, na inapatikana wapi? Ni mwani, ni vile watu wa pwani wanaita majani ya bahari. Bahari iko mbali na sisi, lakini si umbali njo unaua mwani hapa kwetu. Ni shaba.

Mara ya kwanza nilichota maji ya kisima cha nyumbani, nikatia chumvi ya akwariumu, gramu 35 kwa lita. Kisha juma moja mwani ukapauka, konokono wakaanguka toka kwenye kioo. Samaki wawili walibakia wazima, njo maana sikuelewa haraka. Na mimi ni agronomu! Ku iniversite tulisoma dawa ya Bordeaux, sulfati ya shaba na chokaa, iliyotangazwa mwaka 1885 juu ya kutibu mizabibu. Sulfati ileile watu wanaitia mu mabwawa juu ya kuua mwani. Nilikuwa nimeitia ndani ya nyumba yangu bila kujua.

Angalia hesabu. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linakubali shaba hadi miligramu 2 kwa lita. Wafuga samaki wa bahari, wakitibu ugonjwa wa madoa meupe, wanatumia karibu miligramu 0,2, na hapo tayari konokono na kamba wanakufa. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa mazuri kwa mtoto wako, lakini sumu kwa akwariumu. Maji ya mvua nayo hayaponi: vumbi ya machimbo inakaa juu ya mabati, mvua ya kwanza inaishusha yote. (Tuko na mimea inayozoea shaba, Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Bahati mbaya haiishi mu bahari.)

Sasa natumia paka maji ya osmosi, ya kununua kwa bido, na napima shaba kila nikibadilisha maji. Na ukinunua akwariumu ya zamani, uliza kama walitibia ndani samaki na shaba. Mawe ya ndani yanaikamata, kisha yanaiachilia polepole.

Sasa kuchagua. Caulerpa njo nzuri kwa macho, lakini mie siitaki. Mmea wote, hata ukiwa mrefu namna gani, ni seli moja. Ukisumbuliwa, unaweza kumwaga yote ya ndani usiku mmoja, maji yanageuka kama maziwa, oksijeni inashuka. Ongeza delestaji, pampu imesimama: asubuhi unakuta samaki juu ya maji. Chukua Chaetomorpha. Inafanana na nyuzi za kuvulia samaki zilizosokotana, haishikami na mawe, na haina ile tabia ya kumwaga kila kitu kwa ghafula.

Iweke mu beseni ya pembeni yenye lampi yake, na uwashe ile lampi usiku, wakati ya samaki imezimwa. Mwani ukifanya kazi usiku unavuta gaze kaboniki, pH haishuki sana. Lakini giza likiingia pande zote, mwani nao unapumua oksijeni kama samaki. Pampu ya hewa ya betri ni lazima.

Na kuvuna! Wengi wanasahau. Mwani haufuti nitrati na fosfati, unazibeba tu mwilini, kama mahindi inavyobeba azoti ya shamba. Usipokata, inaoza, yote inarudi mu maji. Mimi nakata theluthi moja kila majuma mawili. Ukiona imepauka hata kama shaba haiko, pengine ina njaa: umesafisha maji kupita kiasi, ao chuma imekosekana.

Jumamosi nitakata tena, itatoka kama bokali mbili. Mwenye amekwisha kupima maji yake aniandikie.