Mwache Buibui Huyu, Ni Adui wa Mbu

NI wangapi miongoni mwetu ambao wakimwona buibui ukutani hawakimbilii ufagio? Huyu wa leo, msomaji, mtazame kwanza.

Wataalamu humwita Evarcha culicivora. Hupatikana magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mashina ya miti na kuta za nyumba. Urefu wake ni kama milimita 5, hivyo kwa macho matupu ni kidoa tu kinachorukaruka.

Mpiga picha humkaribia kwa lenzi maalumu ya kukuza vitu vidogo. Kazi hiyo yataka subira. Kwa ukaribu huo, macho yakitokea vizuri, miguu hufifia. Mkono ukitikisika kidogo, picha imeharibika. Buibui akiruka, kazi huanza upya.

Lakini picha ikifaulu utaona macho manane, mawili ya mbele yakiwa makubwa kama taa za gari. Kwa macho hayo humtambua mbu aliyeshiba damu, akamrukia. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba hivyo ndivyo anavyoipata damu yetu, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi. Tena hupendelea mbu wa jamii ya Anopheles, wale waenezao malaria.

Buibui pekee hawezi kumaliza malaria. Chandarua bado chahitajika. Hata hivyo, anayemuua amemfaa mbu. Kabla ya kuinua ufagio, inama umtazame.