Ukuzaji wa Nyanya Vyomboni Nyumbani: Tatizo, Jina na Tiba Yake katika Meru na Embu

Utangulizi

Iwe ni githeri ya kukaanga, sukumawiki au mchuzi wa ndengu, mpishi wa Meru au Embu huanza kwa kitunguu na nyanya. Hata hivyo, si kila anayekula nyanya ana shamba la kuzipanda. Kandokando ya barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, miji imepanuka na vyuo vikuu vimezaliwa: Chuka na Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Pamoja na vyuo hivyo pamechipuka nyumba za kupanga ambazo wakazi wake hawana shamba ila baraza, ngazi na kipande cha ua. Kwa mtu wa hali hii, ndoo chakavu yaweza kuwa shamba.

Makala haya yanaeleza jinsi nyanya inavyokuzwa chomboni katika maeneo hayo. Hoja kuu ni kwamba chombo huunyima mmea msaada wa ardhi na kumkabidhi mkulima kazi zilizokuwa za ardhi. Kwa hiyo mkulima wa chomboni hana budi kujua chanzo cha kila tatizo, na kulijua tatizo huanza na kuliita kwa jina lake.

Chombo, Udongo na Miche

Mnyanya mmoja huhitaji chombo cha lita 15 hadi 20. Ndoo iliyopasuka mdomo, debe au gunia hufaa, mradi kisiwe chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu au rangi. Kitakoni hutobolewa matundu 5 au 6, kwani mizizi iliyozama majini hukosa hewa ikaoza.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, uliotokana na miamba ya volkeno, unasifika kwa rutuba. Shambani, minyoo na mizizi huufanya upumue. Ndani ya ndoo, udongo huohuo hushikamana ukawa kama tofali baada ya kumwagiwa maji mara kadhaa. Ndiyo sababu huchanganywa: sehemu 2 za udongo wa juu, sehemu 1 ya samadi iliyooza kabisa na sehemu 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Mahali udongo unapochotwa pia pana uzito. Nyanda za juu za Meru, kama vile Kibirichia na Timau, ni nchi ya viazi. Kiazi na nyanya ni mimea ya ukoo mmoja, na bakteria wa mnyauko wanaoshambulia kimoja hushambulia na kingine. Bakteria hao huweza kukaa udongoni kwa miaka. Udongo usichotwe basi palipovunwa viazi, biringanya au pilipili.

Mbegu husiwa kitaluni kwa kina cha sentimita 1. Baada ya wiki 4 hadi 6, miche huhamishwa na shina kufukiwa hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la mnyanya likigusa udongo hutoa mizizi mipya. Aina kama Cal J na Rio Grande hukua kwa kimo fulani zikakoma. Money Maker na Anna F1 huendelea kurefuka, hivyo huhitaji mti wa kuegemea na kukonyolewa machipukizi yanayotokea kwapani mwa majani. Anayezikonyoa Cal J kwa bidii iyo hiyo hujipunguzia mavuno mwenyewe.

Jua na Mvua

Mnyanya huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Hapa wenyeji wa Meru na Embu wana jambo la pekee la kuzingatia. Mstari wa Ikweta unapita karibu sana na mji wa Meru, nao mji wa Embu uko kusini yake kwa masafa mafupi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la adhuhuri huelemea kaskazini; kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi, huelemea kusini. Baraza iliyojaa jua mwezi wa Januari yaweza kuwa na kivuli kutwa mwezi wa Julai. Mkulima wa shambani hana la kufanya juu ya hilo, lakini wa chomboni huinua ndoo akaihamishia upande wa pili wa nyumba.

Uwezo huu wa kuhama una faida nyingine. Mvua za masika za Machi hadi Mei, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, pamoja na baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, huyaacha majani na unyevu kwa muda mrefu. Ndoo ikisogezwa upenuni, majani hubaki makavu huku jua la pembeni likiendelea kuyafikia.

Maji

Shambani, mizizi hufuata maji chini. Ndani ya ndoo haina pa kwenda. Siku ya jua kali, mnyanya wenye matunda waweza kumaliza maji ya chombo kabla ya jioni. Inafaa kumwagilia asubuhi, shinani wala si majanini, mpaka maji yatokeze kwenye matundu ya chini. Matandazo ya nyasi kavu hupunguza ukavu. Kwa kuwa kila umwagiliaji huondoka na sehemu ya rutuba, samadi iliyooza huongezwa kidogo kidogo kila baada ya wiki 2 au 3 tangu maua yatokeze.

Tatizo na Jina Lake

Mnyanya ukiharibika, aghalabu husemwa kwamba umepata ugonjwa au umechomwa na baridi. Kauli hizi mbili hubeba matatizo yasiyo na uhusiano. Istilahi za kilimo zilizozoeleka zaidi Tanzania husaidia kuyatenganisha.

La kwanza ni kuoza kitako. Tunda hupata doa jeusi lililobonyea upande wa chini. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Kalisi haikufika tundani, mara nyingi kwa sababu mmea ulinyimwa maji kisha ukafurikishwa. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya. Maji yakipimwa kila siku, matunda yafuatayo hutoka mazima.

La pili ni bakajani chelewa. Majani hupata mabaka ya kahawia iliyokoza yanayoenea upesi wakati wa baridi na unyevu. Kiini chake ndicho kilichoangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Baridi yenyewe haichomi. Humwandalia adui mazingira. Kinga ya kwanza ni kuweka majani makavu na kuondoa yaliyoathirika.

La tatu ni mnyauko wa bakteria. Mmea hulegea ghafla ungali kijani, ilhali udongo una maji. Kipande cha shina kikining'inizwa katika gilasi ya maji safi, nyuzi nyeupe kama maziwa huteremka baada ya dakika chache. Mmea huo hauponi. Lakini hasara yaweza kuishia katika ndoo moja, ikiwa udongo wake utatupwa mbali na chombo kusafishwa, hali ambayo shambani haipatikani kwa urahisi.

La nne ni kantangaze, nondo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia Kenya mwaka 2014. Kiluwiluwi chake huchimba njia ndani ya jani na hutoboa tunda. Mwenye minyanya mitano huweza kukagua kila jani, akayachuma na kuyachoma yaliyochimbwa.

Kukosea jina kuna gharama. Anayeona kitako kilichooza akasema ni ugonjwa, huenda dukani akanunua dawa ya ukungu. Dawa hiyo haipulizwi shambani mbali na makao, bali mlangoni, watoto wanapocheza na chakula kinapopikwa. Tena asipozingatia siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko, huchuma kesho yake. Fedha zimetumika, sumu imeingia sufuriani, na tunda linaendelea kuoza.

Hitimisho

Ukulima wa nyanya chomboni hautamwondolea mpangaji haja ya kwenda sokoni. Utampa matunda ya kutosha mboga za siku kadhaa na, la muhimu zaidi, utamfunza kuutazama mmea kabla ya kununua dawa. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika kazi hii. Istilahi zipo, lakini hazijaenea sana vijijini na mitaani mwa Meru na Embu. Mjukuu aliyerudi likizoni atakapoulizwa na nyanya yake kwa nini nyanya zinaoza, ajue kwanza kumuuliza: zimeoza wapi, na zilinyweshwa lini?