Mguu Usiosikia Maumivu

Mtu hulala salama nyumbani kwake, Temeke au Kinondoni, akaamka na kukuta kidole cha mguu kimetafunwa na panya, naye hakusikia lolote usiku kucha. Si uchawi. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amewaeleza wagonjwa wa namna hiyo katika majarida ya utabibu: ni watu wenye kisukari, ambao miguu yao imekufa ganzi.

Hatari huzidi mishipa ya damu nayo inapoziba, kwani kidonda kisichopata damu hakiponi. Hapo ndipo anapohitajika mpasuaji wa mishipa. Huweka vidole juu ya mguu, kisha nyuma ya goti, akitafuta mapigo. Akiyakosa, na vipimo vikithibitisha, huenda akautoa mshipa mmoja wa mgonjwa mwenyewe pajani, akaugeuza juu chini ili vilango vyake visiizuie damu, akaushona kupita pale palipoziba. Ufundi huo wa kushona mishipa ulimpatia Mfaransa Alexis Carrel Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Sindano yake hata fundi cherehani wa Kariakoo angeistaajabia.

Lakini nyama ikishaoza, mara nyingi hubaki msumeno tu. Na wengine hufika hapo baada ya kuukanda mguu kwa maji ya moto ambayo wenyewe hawayasikii.

Ndugu mwenye kisukari, kila jioni mwombe mwanao akuangalie nyayo chini ya taa, hata katikati ya vidole. Akiona jeraha, kesho yake alfajiri uwe zahanati.