Pichichi, Mchezaji Mfupi wa Bilbao

Katika nchi ya Hispania mchezaji aliyefunga mabao mengi kupita wenzake katika ligi kuu hupewa kila mwaka tuzo iitwayo Pichichi. Wengi hulitaja jina hilo wasijue kuwa lilikuwa la mtu. Tena mtu huyo hakuicheza ligi hiyo hata siku moja, maana ilianza mwaka 1929, naye alikwisha fariki dunia.

Jina lake hasa ni Rafael Moreno Aranzadi. Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Bilbao, bandari ya Wabaski upande wa kaskazini. Mchezo wa mpira uliingia huko kwa mabaharia na mafundi wa Kiingereza. Kimo chake kilikuwa futi 5 tu na kidogo, na hilo Pichichi ni jina la utani tangu utoto.

Alichezea Athletic ya mji wake tangu mwaka 1911. Watu walimtambua kwa kitambaa cheupe alichojifunga kichwani. Wala si ajabu, maana mipira ya siku zile ilikuwa ya ngozi nzito, imefungwa kwa kamba iliyoweza kumchubua mtu kipaji cha uso. Tarehe 21 Agosti 1913 uwanja wa San Mamés ulipofunguliwa, bao la kwanza lilikuwa lake. Walitwaa Kikombe cha Mfalme miaka ya 1914, 1915 na 1916. Mwaka 1915 walishinda fainali kwa mabao 5, naye akafunga 3. Mwaka 1920 alikwenda Antwerp, Ubelgiji, katika Michezo ya Olimpiki, akafunga bao moja Hispania ilipowashinda Waholanzi 3 kwa 1 na kupata nishani ya fedha.

Mwaka 1921 walitwaa kikombe mara nyingine. Lakini miguu ilikuwa imeanza kuwa mizito, na wale wale waliomshangilia wakaanza kumzomea. Kweli, shukrani ya punda ni mateke. Basi akaacha kucheza, akashika filimbi ya mwamuzi. Tarehe 1 Machi 1922 homa kali ikamwua, hajatimiza miaka 30.

Hapo ndipo watu walipojua walichopoteza. Mwaka 1926 sanamu yake iliwekwa uwanjani, na ikawa desturi: timu ngeni ikija San Mamés mara ya kwanza, nahodha wake huweka maua mbele ya sanamu hiyo. Uwanja wa kale uliachwa mwaka 2013, ukajengwa mpya papo hapo. Sanamu ikahamishiwa humo, na desturi haikukoma. Tuzo ya jina lake ilianza kutolewa na gazeti la Marca mwaka 1953.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Pichichi alitunzwa, lakini maua yale hakuyaona. Ninyi wanafunzi mkaao kando ya uwanja, mwenzenu aliyewachezea vema akichoka, mpeni mkono angali hai.